Delta ya Rufiji: Raha ya boti ambako maji ndiyo bosi

Ukikaa na vijana wa mjini siku hizi, mada ya likizo haikosi meli. Si boti ya kwenda Zanzibar, hiyo wameizoea. Wanazungumzia yale maghorofa yanayoelea, yenye mabwawa ya kuogelea juu na kumbi za muziki chini, yanayopita kati ya milima yenye theluji huko Norway na Alaska. Picha zake zimejaa kwenye simu. Mtu kajifunika blanketi sitahani, kikombe cha kahawa mkononi, nyuma yake mlima umeshuka na kuzama baharini moja kwa moja. Bwana wee, lazima mate yakudondoke.

Tatizo ni mshiko. Nauli ya safari kama hiyo, ukijumlisha ndege na viza, unanunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Lakini kuna jambo moja ambalo picha hazisemi. Zile meli maarufu za pwani ya Norway, za Hurtigruten, zilipoanza mwaka 1893 hazikuwa za starehe. Zilikuwa zikipeleka barua, mizigo na abiria kwenye vijiji vya kaskazini ambavyo havikuwa na barabara ya maana. Watalii waliingia humo kwa sababu njia ya wenyeji ilikuwa nzuri kuitazama.

Sasa jiulize, msomaji wangu. Hapa Bongo hakuna mahali ambapo watu husafiri kwa maji kwa sababu barabara haipo, na njia yenyewe ni nzuri hadi unasahau kula? Mahali hapo papo, na kutoka Mbagala Rangi Tatu unafika mchana wa siku hiyo hiyo. Ni delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mimi na washikaji zangu watano tulikwenda mwezi Oktoba, mwaka 2024. Haya ndiyo niliyoyaona.

JINA LA KIBITI

Niseme wazi, kuwapata hao watano haikuwa kazi ndogo. Ukitaja Kibiti mbele ya watu wa Dar, wengi bado wanakunja uso. Kati ya mwaka 2015 na 2017 eneo lile lilitikisika kwa mauaji ya polisi, viongozi wa vijiji na raia wa kawaida. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa risasi katika eneo la Jaribu, barabara hiyo hiyo tuliyopita sisi tukila korosho. Habari za namna hiyo hazifutiki haraka.

"Unatupeleka wapi wewe?" aliuliza Mhasibu, ambaye kazi yake ni kuhesabu fedha za watu na tabia yake ni kuhesabu hatari.

Jibu lilitoka kwa Mwalimu, ambaye amewahi kufundisha huko Pwani. Alisema walioumia kuliko wote ni wenyeji, na kwamba kinachowasikitisha sasa ni kuona wageni wakipita mbio kwenda Kilwa na Lindi bila hata kushuka kununua maji. Tukanyamaza. Muuguzi akasema anakwenda. Dada wa Saluni akasema kama Muuguzi anakwenda na yeye yumo. Fundi Simu hakuwa na neno, alitaka tu kujua kama kuna mtandao. Mhasibu naye akakubali, kwa sharti kwamba fedha azishike yeye.

Na alizishika kweli. Kila mtu alitoa shilingi 150,000, jumla 900,000. Boti na mafuta, pamoja na nahodha na baharia wake mmoja, ilitugharimu 450,000. Nauli za kwenda na kurudi 180,000, chakula na maji ya kunywa 120,000, malazi 70,000. Zilizobaki 80,000 Mhasibu akazifunga kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: DHARURA. Tulimcheka. Kumbuka bahasha hiyo, tutairudia.

KORANGO, KHANGA NA SALAMU

Siku ya Ijumaa tulipita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani hadi Kibiti mjini. Huko tulinunua mchele, vitunguu, nyanya, mkaa na mishikaki ya kula papo hapo. Kisha tukarudi nyuma hadi Bungu, ambako njia ya Nyamisati inachepuka kuelekea pwani. Nyamisati ndiyo bandari ya kule. Hapo ndipo kivuko cha MV Kilindoni kinapopakia watu na magari ya kwenda Mafia, na hapo ndipo boti za vijijini zinapofunga.

Kabla ya kugusa maji tulikwenda kujitambulisha kwa uongozi wa kijiji. Usiruke hatua hii. Mikoko ni hifadhi, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na wageni sita wenye mabegi na kamera hawaingii msituni kimya kimya kama paka. Ukijitambulisha, kila mtu anajua uko wapi na unarudi lini. Hiyo peke yake ni bima.

Jambo la pili ni mavazi. Ukanda ule ni wa Wandengereko na Wanyagatwa, wengi wao Waislamu, watu wa heshima zao. Dada wa Saluni alikuwa amejipanga na kaptula nne za rangi nne tofauti, maalumu kwa picha. Bibi mmoja muuza samaki alimtazama toka juu hadi chini, akamwita, akamfunga khanga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. "Sasa umependeza, mjukuu wangu," akasema. Jamani, na kweli alipendeza. Picha zilizopata sifa kuliko zote ni zile za khanga.

Nahodha wetu alikuwa mzee mkimya, kofia kichwani, redio ndogo mfukoni. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaanza kutupangia ratiba ambayo haikufanana hata kidogo na ile tuliyokuja nayo.

"Tunaondoka saa 11 alfajiri," alisema.

"Hatuwezi kuondoka saa 3 baada ya chai, Mzee?" aliuliza Fundi Simu.

"Mnaweza. Lakini mtatembea kwa miguu, maana maji hayatakuwapo."

NDANI YA MIKOKO

Hapa nifafanue kidogo, kwa kuwa ndiyo siri ya delta nzima. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa upande huu inapita mita 3. Chukua dari la chumba chako, lifikirie ni uso wa maji, halafu baada ya masaa sita maji hayo yawe sakafuni. Mkondo uliopita asubuhi kwa boti, mchana ni uwanja wa tope. Na kila siku ratiba inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Basi saa yako ya mkononi, hata iwe ya dhahabu, huko ni bangili tu.

Tuliondoka bado giza. Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya kijani kitupu. Mikoko pande zote mbili, maji yamepanda hadi kwenye majani, kama vile msitu mzima umeingia kuoga. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba wa Ramsar.

Sisi watoto wa mjini tunasema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Nahodha alicheka sana. Alituonyesha mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kisha mchu, ambao mizizi yake imechomoza topeni kama penseli. Akatuonyesha mkandaa, msinzi, mkomafi wenye tunda kama mpira, na mlilana unaosimama mbele kabisa ukitazama bahari. Kila mmoja una kazi yake. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja hapa na tanga la kaskazi kutoka Uarabuni, yakarudi na kusi yamebeba boriti. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Fundi alijenga kwa kadiri mti ulivyofika.

Furukombe alilia juu ya mti, kichwa cheupe kama kavaa kilemba. Mdiria akachomoka na samaki. Mahali fulani nahodha alizima injini na kunyoosha kidole bila kusema kitu. Tukaona masikio, halafu macho, halafu pua mbili zikipuliza maji. Kiboko. Mhasibu alikaa katikati ya boti toka hapo hadi mwisho wa safari.

Adhuhuri tukiwa Salale, maji yalikuwa yamekwenda zake. Kila mzizi ulikuwa wazi, na kaa wanatembea juu ya tope kwa maelfu, wengine wana gando moja kubwa jekundu wanalolipunga kama konda anayeita abiria. Tulikaa pale pale, sehemu moja, kuanzia asubuhi hadi jioni, na tukaona sura tatu tofauti kabisa. Huko Norway meli ndiyo inayokupeleka kwenye mandhari. Rufiji unakaa kitako na mandhari inakuja yenyewe.

MANOWARI YENYE BOMBA TATU

Usiku Mwalimu alitupigia stori, na hii ni ya kweli tupu. Delta ile imewahi kupokea meli kubwa kutoka kaskazini, nayo haikuja kustarehe. Ni manowari ya Kijerumani, Königsberg, ya aina wanayoiita kruza, na hapa sizungumzii gari la mbunge. Ilipotia nanga Dar es Salaam mwezi Juni 1914, watu waliitazama mabomba yake ya moshi wakaipa jina: manowari na bomba tatu.

Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Septemba 20, 1914 manowari hiyo ilivamia Zanzibar alfajiri na kuizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus. Halafu injini zake zikaleta matatizo, ikakimbilia mafichoni. Mafichoni penyewe ni humu tulimokuwa tumelala, katika mikondo ya Rufiji, ikiwa imefunikwa na majani ya mikoko. Mitambo yake ya mvuke ilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, ikarudishwa tena.

Waingereza waliijua ilipo, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Zingekwama. Iliwachukua miezi zaidi ya minane. Walileta ndege, ambazo zilikuwa kitu kigeni kabisa wakati ule, zikawa zinaruka kutoka Mafia. Walikokota kutoka Malta meli mbili fupi zenye kina kidogo, Severn na Mersey. Walishambulia Julai 6, 1915 wakashindwa, wakarudi Julai 11. Safari hiyo Königsberg ilipigwa vibaya, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe isije ikatekwa. Mizinga yake 10 iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmojawapo uko Mombasa, Fort Jesus, unaweza kwenda kuugusa.

Asubuhi Fundi Simu alitaka kupiga picha mabaki. Hakuna bwana. Vyuma vingi viliokotwa na kuuzwa, na katika miaka ya 1960 kilichosalia kikamezwa na tope. Nahodha alituonyesha tu upande ulipokuwa, akasema: "Waingereza walikuwa na ndege, wakangoja maji. Nyinyi mna nini?"

DALADALA YA WENYEWE

Kitu ambacho sikukitegemea ni msongamano. Nilidhani tutakuwa peke yetu na ndege. Kumbe mikondo ile ni Barabara ya Morogoro. Mitumbwi ya wavuvi wa kamba inapita, mashua zenye nazi, boti yenye mwanafunzi wa sare, mtumbwi wenye mbuzi wawili na kitanda. Mpunga wa delta nao unasafiri kwa maji, na mchele wake una harufu ambayo ukipika jirani anabisha hodi. Sisi tumelipa kuja kutalii kwenye daladala ya watu.

Jumapili alfajiri tulishuka na maji yanayokupwa hadi Kiomboni, karibu na mlango wa mto, ambako tope linaisha na mchanga unaanza. Wenyeji walitukaribisha chini ya minazi. Tulipika kamba na kaa tuliowanunua pale pale kwa wavuvi. Sitaki kukusimulia ladha yake, nisije nikakutesa bure.

Pale Muuguzi alikaa na kina mama. Walimweleza jinsi mafuriko ya Aprili 2024 yalivyofunika mashamba na nyumba huko Rufiji na Kibiti, na kabla watu hawajapumua, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga upande wa Mafia. Halafu akauliza swali la kazi yake: mama akishikwa na uchungu usiku inakuwaje?

"Tunangoja maji," alijibu mama mmoja, akimenya muhogo.

"Na mtoto?"

"Mtoto naye hungoja. Au hangoji."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama yule hakuwa analalamika, alikuwa anajibu swali. Lakini mimi toka dakika ile sikuweza tena kuliona boti letu kama la starehe tupu.

Nikakumbuka pia jambo ambalo vijana wengi hatulijui. Delta hii nusura isiwepo kwa namna tunayoiona. Mwaka 1997 serikali iliukubali mradi wa kampuni binafsi kufuga kamba kwenye mabwawa, katika eneo la hekta 10,000 humo humo ndani. Wanavijiji wengi wakapinga, wanamazingira na waandishi wa habari wakapiga kelele, shauri likafika Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Kwa hiyo mizizi ile unayoipiga picha bure, kuna watu walisimama kwa ajili yake.

BAHARI HAINA JUMATATU

Mpango ulikuwa tuondoke Kiomboni saa 8 mchana maji yakianza kujaa, saa 11 tuwe Nyamisati, usiku tuwe Dar. Jumatatu kazini.

Saa 7 na nusu upepo ulibadilika. Ulikuja wa ghafla, minazi ikainama upande mmoja. Kule mlangoni, ambako asubuhi maji yalikuwa kama kioo, kulikuwa na mistari meupe mitupu. Upande wa Mafia wingu jeusi. Nahodha alisimama ufukweni, akatazama kwa muda mrefu, akarudi, akaanza kuvua viatu.

"Hatuondoki," alisema.

Mhasibu aliruka kama kakanyaga moto. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, vitabu vya kampuni vinafungwa, bosi wake si mtu wa mchezo. Alisema tumelipa hadi Jumapili. Alisema dakika 20 tu za wimbi halafu tunaingia kwenye mikoko. Fundi Simu akamuunga mkono. Nahodha akaeleza taratibu kwamba kutoka pale ni lazima kuukata mlango wa mto, ubavu wa boti ukiwa kwenye wimbi, na boti letu ni la faiba, jepesi, lina watu wanane. Tukingoja upepo upungue, itakuwa usiku na maji yanapwa, tutakaa juu ya tope hadi asubuhi.

Wakati tunabishana ikapita mashua ya injini kutoka kijiji kingine, imejaa magunia ya nazi, na juu ya magunia watu. Wakapunga. Nafasi ipo, panda twende Nyamisati, nauli ndogo tu! Sikuona jaketi la kujiokolea hata moja.

Mhasibu akabeba begi lake. Fundi Simu akabeba la kwake.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa, msomaji. Si kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu. Dada wa Saluni, yule tuliyedhani kaja kwa ajili ya picha, alikwenda akasimama mbele yao na maji yamemfika magotini. Alisema babu yake mdogo alikuwa ndani ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, na kwamba naye alikuwa na kazi ya kuwahi. Hakupaza sauti. Muuguzi akashika begi la Mhasibu upande mmoja. Mimi nikashika upande wa pili. Mwalimu akasema ile mashua iende, na ikaenda.

"Bosi ataniambia nini?" Mhasibu aliuliza, sasa kwa sauti ya mtoto.

"Mwambie bahari haina Jumatatu," alisema Nahodha, akajilaza kivulini.

Fundi Simu alipanda juu ya kifusi cha mchanga karibu na mnazi mmoja, mahali pekee mtandao ulipokamata, akamtumia yule bosi ujumbe. Jibu lilikuja baada ya nusu saa. Neno moja: "Poleni." Mhasibu akafungua bahasha ya DHARURA mwenyewe, akalipia mahali pa kulala, chakula cha jioni na siku ya ziada ya boti. Hakuna aliyemcheka safari hii.

Usiku ule wa nyongeza ndio uliokuwa bora kuliko yote. Mvua ilipiga kidogo ikapita. Watoto walikuja kutufundisha kuvua kaa kwa kamba na kichwa cha samaki, Mhasibu akakamata watatu, akasahau vitabu vya kampuni. Jumatatu alfajiri maji yakijaa, mlango wa mto ulikuwa umelala kama mkeka. Tulipita tukiimba.

Nyamisati tuliikuta ile mashua imefungwa. Ilifika salama, nisiseme uongo. Mhasibu alipoiona akageuka: "Si mnaona? Walifika!"

Baharia wetu alikuwa ameshaongea na wenzake. Walichota maji kwa ndoo toka mlangoni hadi wanaingia mikokoni, na magunia mengi yakabidi yatupwe.

"Walifika," alisema Nahodha. "Nazi hazikufika."

UKITAKA KWENDA

Kundi zuri ni watu watano au sita, si zaidi, maana boti ndogo haina daraja la pili. Chagua miezi ambayo bahari imetulia, kati ya kusi kumalizika na kaskazi kushika, yaani kuanzia Oktoba. Masika usijaribu, barabara na mto vyote vinakasirika. Kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu usikilize tena wa nahodha.

Jaketi la kujiokolea ni la kila kichwa, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Hesabu majaketi kabla ya kutoa fedha. Boti likiwa na watu tisa na majaketi matano, hilo si boti lako. Uliza pia kama chombo kimekaguliwa. Mwenye chombo kizuri hakasiriki akiulizwa.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, chandarua, dawa ya mbu, tochi, mfuko wa kuzuia simu isilowe, na khanga au kikoi. Bia iache Dar. Takataka zako rudi nazo. Usikate hata tawi la mkoko kwa ajili ya kuotea moto.

Na la mwisho kabisa, omba ruhusa ya siku moja zaidi ya ile unayodhani utaihitaji, na kila mtu achangie bahasha ya dharura. Mkiwa na siku ya ziada, nahodha akisema "hatuondoki" mtauliza kuna kaa wangapi wa kupika. Mkiwa hamna, mtaanza kuangalia mashua za nazi.

Washikaji zangu wameshaanza kuchanga kwa ajili ya Mafia, kwenda kumwona papa potwe. Fedha anashika nani? Mhasibu, nani mwingine. Safari hii bahasha ziko mbili.